Asilimia ya nini? Mwongozo kamili wa kufundisha hisabati ya maisha katika shule za sekondari

Mwanafunzi wa Kidato cha Pili aliyeketi dawati la nyuma aliinua risiti ya LUKU, yaani ya umeme wa kulipia kabla, aliyokuja nayo kutoka nyumbani, akaniambia bila kusita kwamba risiti hiyo imekosewa. Alikuwa amejumlisha kodi na tozo zote zilizoandikwa, akapata 22%, akazitoa kwenye shilingi 10,000 alizolipa mama yake na kubaki na shilingi 7,800, ilhali risiti ilionyesha kwamba gharama ya umeme wenyewe ni shilingi 8,196.72. Ukokotoaji wake ulikuwa sahihi hadi tarakimu ya mwisho. Alichokosa ni swali moja ambalo hakuna mwalimu aliyemzoesha kuliuliza, nami nikiwa mmoja wao: asilimia 22 ya nini?

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mwalimu wa Hisabati wa sekondari, hasa hapa Tanzania, anayetaka wanafunzi wake waweze kusoma risiti, mkataba wa mkopo, jedwali la takwimu au bei ya gunia kwa uhakika uleule wanaokuwa nao wanapokokotoa mlinganyo ubaoni. Uwezo huo ndio ninaouita hisabati ya maisha. Mtihani wa kimataifa wa PISA, ulioanza mwaka 2000, hupima jambo hilohilo kwa vijana wa miaka 15, na huligawa katika kazi tatu: kuligeuza jambo la maisha kuwa tatizo la kihisabati, kulikokotoa, na kulifasiri jibu kwa kulirudisha kwenye jambo lenyewe. Ukiyapitia madaftari ya wanafunzi wetu utaona kwamba karibu muda wote wa darasani tunautumia kwenye kazi ya pili, huku ya kwanza na ya tatu zikiachwa zijitokeze zenyewe.

Afrika Kusini ilichagua njia ya kuanzisha somo linalojitegemea, ambalo tangu mwaka 2006 husomwa na wanafunzi wa darasa la kumi na kuendelea wasiochukua Hisabati ya kawaida. Sisi hatuna somo la namna hiyo. Hisabati ni moja kwa wote hadi Kidato cha Nne, na wengi wa wanaoifanyia mtihani wa taifa huifeli. Kwa hiyo hisabati ya maisha lazima iingie ndani ya vipindi tulivyo navyo, ndani ya mada zilezile za asilimia, uwiano, viwango na takwimu. Sioni hilo kuwa hasara. Mwanafunzi anayeelewa kwamba asilimia huwa ya kitu fulani hujibu vizuri zaidi hata maswali ya kitabuni.

Hatua ya kwanza: tambua mahali mwanafunzi anapokwama

Kabla hujabadilisha namna ya kufundisha, tenga kipindi kimoja cha kupima. Usitoe mtihani mrefu. Toa maswali mawili au matatu ya mafumbo, kisha keti na wanafunzi wachache, mmoja baada ya mwingine, huku wengine wakiendelea na kazi nyingine.

Mwaka 1977 mwalimu na mtafiti wa Australia, Anne Newman, alionyesha kwamba anayejibu fumbo la hisabati hupita katika hatua tano, na kwamba anaweza kuanguka katika yoyote kati yake: kulisoma swali, kulielewa, kuligeuza kuwa hesabu, kuikokotoa hesabu hiyo, na kuliandika jibu. Kwa Kiswahili mimi huuliza hivi. Nisomee swali hili kwa sauti. Niambie kwa maneno yako linataka ujue nini. Utafanya hesabu gani, na kwa nini hiyo? Nionyeshe unavyoifanya. Sasa niandikie jibu la swali lililoulizwa. Andika kwenye daftari lako, mbele ya jina la kila mwanafunzi, namba ya hatua aliyoangukia. Ukishawahoji kumi na wawili hivi utaanza kuona sura ya darasa zima, na huenda ukashangaa, kama nilivyoshangaa mimi, kuwaona wengi uliodhani hawajui kugawanya wakianguka kabla hawajafika kwenye kugawanya.

Ongeza swali moja lisilo na jibu. Mwishoni mwa miaka ya 1970 watafiti wa Grenoble, Ufaransa, waliwauliza watoto 97 wa shule ya msingi swali hili: katika meli kuna kondoo 26 na mbuzi 10, je, nahodha ana umri gani? Watoto 76 walitoa jibu la namba, wengi kwa kujumlisha tu. Tunga la kwako: katika daladala kuna abiria 18 walioketi na 9 waliosimama, kondakta ana miaka mingapi? Usiwacheke watakaojibu 27. Wametii mazoea ya darasani, kwamba kila swali la hisabati lina jibu na kila namba iliyotajwa lazima itumike, na mazoea hayo tumewajengea sisi.

Swali la pili linalofichua mengi ni la mabasi. Katika tathmini ya kitaifa ya Marekani ambayo matokeo yake yalichapishwa mwaka 1983, vijana wa miaka 13 waliambiwa kwamba basi la jeshi hubeba askari 36 na kwamba askari 1,128 wanapaswa kusafirishwa, kisha wakaulizwa yanahitajika mabasi mangapi. Asilimia 70 hivi waligawanya sawasawa. Hata hivyo, asilimia 29 waliandika kwamba yanahitajika mabasi 31 na baki 12, wengine 18 wakaandika 31, na ni 23 tu walioandika 32. Waliofanya hesabu kwa usahihi walikuwa wengi. Waliokumbuka kwamba wale askari 12 nao wanasafiri walikuwa wachache.

Hatua ya pili: kusanya makaratasi halisi

Hatua hii haihitaji maelezo mengi. Tafuta boksi, uliweke ofisini, na uwaombe wanafunzi na walimu wenzako wakuletee risiti za LUKU, risiti za mashine ya EFD (ile ya kodi iliyoko madukani), tiketi za basi, bili za maji, vipeperushi vya ada za kutuma pesa kwa simu, lebo za mifuko ya mbolea na za dawa za mifugo. Funika kwa karatasi kila penye jina, namba ya simu au namba ya mita kabla hujatoa nakala. Kama shule haina mashine ya kunakili, andika risiti moja kwa herufi kubwa kwenye karatasi ya manila na uibandike ukutani. Kwa darasa la wanafunzi 70, karatasi nne zilizobandikwa pembe nne za chumba zinatosha.

Karatasi halisi ina faida ambayo swali la kutungwa halina. Swali la kitabuni limekwisha kusafishwa: lina namba zinazohitajika tu, na mara nyingi jibu linatoka namba nzima. Risiti ina tarehe, namba za siri, mistari isiyohusika na desimali zisizopendeza, na mwanafunzi analazimika kuchagua mwenyewe kinachohusika.

Hatua ya tatu: anza na Kiswahili, kisha vuka kwenda Kiingereza

Katika shule nyingi za serikali mtoto hujifunza Hisabati kwa Kiswahili muda wote wa elimu ya msingi, kisha akifika Kidato cha Kwanza huikuta inafundishwa na kutahiniwa kwa Kiingereza. Yule aliyezoea kusema kiasi na asili, wastani, mzingo na ujazo huanza upya kama aliyefika ugenini. Mwalimu hawezi kuubadili utaratibu huo akiwa peke yake, lakini anaweza kupanga lugha ya kipindi chake. Ushauri wangu ni kwamba mazungumzo ya kulielewa jambo yafanyike kwa Kiswahili, jibu liandikwe kwanza kwa sentensi ya Kiswahili, na dakika kumi za mwisho zitumike kuiandika sentensi hiyo kwa Kiingereza cha mtihani, darasa zima pamoja.

Vineno vidogo ndivyo vinavyohitaji uangalifu mkubwa. Andika ubaoni sentensi mbili: bei ya sukari imepungua kwa shilingi 500, bei ya sukari imepungua hadi shilingi 500. Waulize wanafunzi ni ipi wangefurahi kuisikia dukani ikiwa kilo ilikuwa shilingi 3,000. Kwa Kiswahili karibu wote huona tofauti mara moja. Kwa Kiingereza tofauti hiyohiyo hubebwa na vineno viwili vifupi ambavyo mwanafunzi hupita juu yake bila kuviona, na hapo alama hupotea. Fanya vivyo hivyo kwa "kwa kila", "angalau", "isiyozidi", "zaidi ya" na "mara mbili zaidi".

Saa nayo isisahaulike. Mtoto anayejua kwamba basi linaondoka saa 12 asubuhi hukutana na tiketi iliyoandikwa 06:00, na akiulizwa safari ya kuanzia 06:00 hadi 14:30 ni ya muda gani, wapo wanaoigeuza saa ya kwanza kwa Kiswahili na kuiacha ya pili ilivyo. Kipindi kimoja chenye saa ya ukutani na tiketi mbili tatu humaliza tatizo hilo kwa wengi.

Hatua ya nne: endesha kipindi kizima juu ya karatasi moja

Nitaeleza kipindi cha LUKU kwa kirefu, kwa kuwa ukikiweza hiki utaweza kuvipanga vingine vyote kwa mfano wake. Kinahitaji vipindi viwili vilivyoungana, yaani dakika 80. Chagua risiti ya shilingi 10,000 ambayo si ya ununuzi wa kwanza wa mwezi, ili kodi ya majengo isiwemo. Hiyo utairudia baadaye. Viwango ninavyovitumia hapa ni vya mteja wa kawaida wa nyumbani katika risiti tuliyoisoma siku ile: shilingi 292 kwa uniti, kodi ya ongezeko la thamani 18%, tozo ya REA (wakala wa nishati vijijini) 3% na tozo ya EWURA (mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji) 1%. Ikiwa risiti uliyo nayo ina viwango tofauti, fuata risiti.

Dakika kumi za mwanzo usionyeshe risiti. Waulize wanafunzi: shilingi 10,000 hununua uniti ngapi nyumbani kwenu? Kila mmoja aandike kadirio lake pembeni mwa daftari. Wanaotumwa kununua umeme hutaja 28 bila kufikiri, wengine hutaja 50 au 100. Andika makadirio matano au sita ubaoni na uyaache pale hadi mwisho.

Kisha wape risiti, wawili kwa wawili au kundi kwa kundi, kwa dakika kumi na tano. Kazi yao wakati huu ni kusoma tu. Wataje kila mstari unasema nini kwa Kiswahili cha kawaida, na namba iliyo mbele yake inahesabu nini: shilingi, uniti, au sehemu ya kitu kingine. Zuia kukokotoa. Wenye haraka watakuwa wameshaanza kuzidisha, na ni vizuri kuwaomba wafunike kalamu.

Sasa waambie waifiche sehemu ya risiti yenye gharama ya umeme, na wajaribu kuipata wenyewe kutokana na zile 10,000 na viwango vya kodi. Wengi watatoa 22% ya 10,000 na kupata 7,800, kisha watagawanya kwa 292 na kupata uniti 26.7. Waache wafunue risiti na wakute 8,196.72 na uniti 28.1. Hapo ndipo yule kijana wangu aliposema risiti imekosewa, nami nikakosea kwa kumpa maelezo mara moja badala ya kumwacha aitafute sababu. Usifanye hivyo. Andika ubaoni namba zote mbili, ya kwao na ya risiti, uulize tofauti ya shilingi 396.72 imetoka wapi, kisha unyamaze. Dakika tatu za kimya darasani huonekana ndefu sana, lakini zivumilie.

Ikiwa hakuna anayefika, chora ubaoni mstatili mrefu, ukauandikie "gharama ya umeme, 100". Pembeni yake chora kipande kifupi, ukakiandikie "kodi na tozo, 22". Waulize: zile shilingi 10,000 ni kipande kipi? Mkono wa kwanza utakaoinuka utasema ni vyote viwili, na kuanzia hapo darasa litajiendesha. Shilingi 10,000 ni sehemu 122. Sehemu moja ni 10,000 ÷ 122, yaani takriban 81.967; sehemu 100 ni shilingi 8,196.72. Wahakikishe kwa kurudi nyuma: 22% ya 8,196.72 ni 1,803.28, na zikijumlishwa zinarudi 10,000. Kodi hutozwa juu ya bei ya umeme, haitozwi juu ya pesa aliyotoa mnunuzi mfukoni.

Dakika za mwisho rudini kwenye makadirio yaliyoko ubaoni, kisha leta risiti ya ununuzi wa kwanza wa mwezi, ambayo shilingi 1,500 za kodi ya majengo zimeondolewa kwanza. Waulize ni uniti ngapi zitabaki. Wanapaswa kuanza na 8,500, wagawanye kwa 1.22, kisha kwa 292, wapate uniti 23.9 hivi. Kazi ya nyumbani ni sentensi mbili za kumweleza mzazi kwa nini 10,000 ya mwanzo wa mwezi huleta uniti chache kuliko 10,000 ya katikati ya mwezi. Nimewahi kusimamishwa na mzazi njiani akiniambia kwamba mwanawe alimweleza jambo hilo na sasa analijua. Siku hiyo nilirudi nyumbani nikiwa na furaha kubwa.

Hatua ya tano: heshimu njia za mtaani

Mwaka 1985 Terezinha Carraher, David Carraher na Analúcia Schliemann walichapisha utafiti kuhusu watoto watano wachuuzi wa Recife, Brazil, wenye umri wa miaka 9 hadi 15. Wakiwa kazini sokoni watoto hao walijibu sawasawa 98.2% ya maswali ya bei na chenji. Walipopewa hesabu zilezile kama mafumbo ya kuandikwa walipata 73.7%, na zilipokuwa namba tupu walipata 36.8%. Mtoto mmoja muuza nazi aliulizwa bei ya nazi 10 ikiwa moja ni cruzeiro 35. Hakuongeza sifuri kama shule inavyofundisha. Alisema nazi tatu ni 105, tatu nyingine zinafanya 210, akaongeza tatu tena zikawa 315, kisha moja, 350. Wateja wake walizoea kununua nazi tatu tatu, na ndiyo maana bei ya tatu alikuwa nayo kichwani.

Darasani kwako yumo anayeuza karanga au mbogamboga baada ya masomo. Usimtaje hadharani kama mfano, maana wapo wanaoona aibu. Badala yake toa swali la kichwani kila mwanzo wa kipindi, na uwaombe watatu waeleze walivyofikiri, siyo walichopata tu. Ziandike njia zote tatu ubaoni kwa alama za kihisabati. Mwanafunzi anapoona njia yake ya genge la nyumbani imeandikwa kwa mabano na alama ya kuzidisha, anaanza kuamini kwamba alama hizo zinamhusu.

Hatua ya sita: panga mada kwa mambo ambayo jamii inayajali

Lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kipimo, ni somo ambalo ningelifundisha hata kama mtaala usingekuwa na uwiano. Sheria ya vipimo hairuhusu gunia la mazao kuzidi kilo 100, lakini wanunuzi huwataka wakulima washindilie gunia na kulivisha kofia ya wavu juu yake. Chukua mfano wa gunia la viazi lenye kilo 140 linalonunuliwa kwa shilingi 80,000, bei ambayo ingelipwa kwa kilo 100. Bei kwa kilo imeshuka kutoka shilingi 800 hadi shilingi 571 hivi. Sasa waulize wanafunzi mkulima amepoteza asilimia ngapi. Kundi moja litasema 40, kwa kuwa ametoa kilo 40 juu ya 100. Jingine litasema 28.6, kwa kuwa bei ya kilo imepungua kwa shilingi 229 kati ya 800, au kwa kuwa kilo 40 kati ya 140 hazikulipwa. Makundi yote mawili yako sahihi, na ubishi wao ndio kipindi chenyewe: kila upande uandike sentensi kamili inayosema asilimia yake ni ya nini. Katika vijiji vinavyolima viazi au vitunguu utakuta wanafunzi wanajua mambo ya mizani kuliko mwalimu, na ni vyema mwalimu awe tayari kusikiliza.

Mkopo wa aina inayoitwa kausha damu unafaa Kidato cha Tatu. Weka mfano ubaoni: mkopo wa shilingi 200,000, ada ya fomu 10,000 inayokatwa papo hapo, na marejesho ya shilingi 9,000 kila siku kwa siku 30. Mkopeshaji husema riba ni 35%, na hesabu yake inakubali, kwa kuwa marejesho yote ni 270,000. Lakini mkopaji alipokea mkononi 190,000, kwa hiyo amelipa zaidi ya alichopokea kwa shilingi 80,000, ambazo ni asilimia 42 ya fedha aliyoipata kweli. Kisha mchore jedwali la siku. Kufikia siku ya 15 mkopaji ameshalipa 135,000, kwa hiyo fedha hiyo hakukaa nayo mwezi mzima hata kidogo, na gharama halisi ni kubwa kuliko 42%. Sioni haja ya kuingia kwenye kanuni ngumu hapa. Inatosha mwanafunzi aweze kumuuliza mkopeshaji maswali matatu: nitapokea ngapi mkononi, nitalipa jumla ngapi, na kwa muda gani? Ushughulikie mjadala huu kwa staha, kwa kuwa yupo ambaye samani za nyumbani kwao zimechukuliwa.

Takwimu zina hazina kubwa katika matokeo ya sensa, ambayo hayahitaji kutungiwa chochote. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 44,928,923 nchini, na ya mwaka 2022 watu 61,741,120. Ongezeko ni watu 16,812,197, sawa na asilimia 37.4 ya idadi ya 2012. Mwanafunzi atagawanya kwa miaka 10 na kusema idadi huongezeka kwa 3.74% kila mwaka, ilhali kiwango kilichotangazwa ni 3.2%. Gawa darasa katika makundi kumi, kila kundi lichukue mwaka mmoja, lizidishe idadi iliyopokelewa kwa 1.0374, na likabidhi jibu kwa kundi linalofuata. Kundi la mwisho litafika karibu milioni 64.9, yaani zaidi ya milioni tatu ya watu ambao hawapo. Rudieni kwa 1.032, nanyi mtafika karibu milioni 61.6. Wale walioanza kwa kugawanya watagundua wenyewe kwamba asilimia ya kila mwaka ni ya idadi ya mwaka uliotangulia, siyo ya ile ya 2012.

Wastani wa kaya wa watu 4.3 katika sensa hiyohiyo ni swali fupi na zuri: hakuna nyumba yenye watu 4.3, sasa namba hiyo inatuambia nini?

Hatua ya saba: sahihisha kwa namna inayothamini fikra

Wanafunzi husoma kile tunachokipa alama. Ukiwafundisha yote yaliyotangulia kisha ukasahihisha jibu la mwisho pekee, watarudi kwenye mazoea ya zamani ndani ya wiki mbili. Katika swali la alama 6 mimi hugawa hivi: alama 1 kwa kadirio lililoandikwa kabla ya hesabu, alama 2 kwa kuonyesha hesabu itakayofanywa na kila namba inasimamia nini, alama 2 kwa ukokotoaji, na alama 1 kwa sentensi ya jibu inayorudi kwenye jambo lililoulizwa. Anayeandika "mabasi 31 na baki 12" hupoteza ile ya mwisho, na hurudishiwa daftari lenye swali: hao 12 watapanda nini?

Wapo walimu watakaosema mtihani wa taifa hausahihishwi hivyo. Ni kweli kwamba kadirio halipewi alama huko, lakini mwanafunzi aliyekadiria huligundua kosa lake kabla hajakusanya karatasi, na katika mtihani usioruhusu kikokotoo kinga hiyo ina thamani kubwa. Mwezi mmoja kabla ya mtihani badilisha mgawanyo wa alama ufanane na wa mtihani, na uwaambie wazi kwa nini umebadilisha.

Hatua ya nane: iingize kazi hii kwenye azimio la kazi

Usijaribu kugeuza kila kipindi. Mwalimu mwenye mikondo minne na vipindi zaidi ya ishirini kwa wiki atachoka kabla ya likizo fupi. Anza na kipindi kimoja kikubwa cha karatasi halisi kwa kila mada inayokubali, yaani kama viwili au vitatu kwa muhula, ukivipanga mwishoni mwa mada ambapo kwa kawaida ungetoa zoezi la marudio. Swali la kichwani la mwanzo wa kipindi liwepo kila siku, kwa kuwa linachukua dakika tano tu. Kwenye andalio la somo ongeza mstari mmoja chini ya shughuli za mwanafunzi: "swali la namba hii ni ya nini litaulizwa wapi?" Mstari huo umenisaidia kuliko zana yoyote ya kununua.

Mwombe mwalimu wa Biashara, wa Jiografia au wa Kilimo muungane kwa kipindi kimoja. Yeye atalijua jambo, wewe utazijua namba. Na kila mwanzo wa muhula pitia lile boksi la ofisini, utoe risiti ambazo viwango vyake vimebadilika na uweke mpya. Zile za zamani usizitupe. Ziandikie tarehe kwa kalamu ya rangi, kwa sababu ukiweka risiti ya mwaka huu na ya miaka mitatu iliyopita juu ya dawati moja, tayari una kipindi cha mabadiliko ya bei kwa asilimia.